Sura ya Sita: Kikombe, Jicho na Usingizi

Simu inalia kwa msimamizi wa zamu. Maelezo ni mafupi: fulani ametajwa kwenye kura ya kompyuta, aje kupimwa sasa. Msimamizi anamfuata fundi huyo alipo, anamwambia aweke zana chini, na wanaongozana. Haambiwi kesho wala baada ya chakula. Anayeitwa anaweza kuwa fundi wa valvu mwenye miaka 20 kazini, mlinzi mwenye bunduki, au bosi wake. Hata watumishi wa kitengo cha upimaji wamo katika kura hiyo hiyo.

Ndivyo ilivyo katika vituo vya umeme wa nyuklia nchini Marekani. Kanuni yenyewe huitwa Sehemu ya 26. Ilitolewa na Tume ya Udhibiti wa Nyuklia, NRC, Juni 1989, ikaanza kazi Januari 1990. Mwanzoni vipimo vya kushtukiza vya pombe na dawa za kulevya kwa mwaka vilitakiwa vilingane na idadi ya wafanyakazi wote. Tangu 1994 vimekuwa nusu ya idadi hiyo. Aliyepimwa wiki iliyopita anaweza kutajwa tena leo, na hapo ndipo penye nguvu ya kura. Mtu akishajua kwamba zamu yake ya kupimwa imepita, atajua pia lini anaweza kunywa kwa raha zake.

Kwa nini ukali wote huu? Kwa sababu kinu cha nyuklia hakizimwi kama jiko. Ukishusha fito za kudhibiti na kusimamisha mpasuko wa atomi, fueli huendelea kutoa joto, mwanzoni kiasi cha asilimia 6 hadi 7 ya lile la kawaida. Kwa kinu kikubwa hizo ni megawati zipatazo 200, na lazima ziondolewe kwa maji, saa baada ya saa. Katika kituo cha Three Mile Island, Machi 1979, valvu moja ilikwama wazi, vipimo vikawachanganya waendeshaji, nao wakapunguza maji ambayo kinu kilikuwa kinayahitaji. Karibu nusu ya kiini ikayeyuka. Kazi inayoweza kumshinda mtu mwenye akili zake timamu alfajiri haiwezi kuachiwa mlevi.

Tuingie sasa kwenye chumba cha kupimia. Mfanyakazi anaonyesha kitambulisho, anavua koti, anatoa vilivyomo mifukoni, ananawa mikono mbele ya mpokea sampuli. Anapewa kikombe na kuingia chooni peke yake. Maji ya choo yametiwa rangi ya buluu ili asiyachote kuzimua mkojo. Akitoka, jicho la mpokeaji linakwenda moja kwa moja kwenye kipimajoto. Joto la mkojo linatakiwa kusomwa ndani ya dakika 4, na liwe kati ya nyuzi 32 na 38 za Selsiasi, maana mkojo wa kubeba kutoka nyumbani hupoa. Namba ikitoka nje ya hapo, itatakiwa sampuli nyingine, safari hii mtu wa jinsia yake akisimama na kutazama. Chupa inafungwa kwa lakiri mbele ya mwenyewe, naye anaweka herufi za jina lake. Kuanzia hapo kila mkono utakaoishika utaandikwa.

Maabara hufanya kazi mara mbili. Kipimo cha kwanza ni chepesi na huweza kudanganyika. Kikionyesha kitu, cha pili huitambua kemikali yenyewe kwa uzito wa molekuli zake. Baadaye anaingia daktari anayeyapitia matokeo, na hatua hii ndiyo ninayoiheshimu kuliko zote. Matokeo mabaya kutoka maabara hayaendi kwa mwajiri kwanza. Daktari humpigia mfanyakazi na kumuuliza: umetibiwa nini? Kuna aliyeng'olewa jino akapewa kodeini. Kuna aliyekula mkate wenye mbegu za mpopi, ambazo huacha morfini kidogo kwenye mkojo. Kwa ajili ya watu kama hao mpaka wa morfini ulipandishwa kutoka nanogramu 300 hadi 2,000 kwa mililita. Bila daktari huyo, mashine ingewafukuza watu kazi kwa kifungua kinywa chao.

Pombe hupimwa kwa pumzi, na hapo pana hesabu nzuri. Mpaka ni asilimia 0.04 katika damu. Lakini mtu akiwa ameshakaa kazini saa moja, 0.03 inatosha kumtia hatiani. Akikaa saa mbili, 0.02. Huenda mtu akauliza kwa nini sheria inakuwa kali kadiri pombe inavyopungua. Jibu liko kwenye ini. Mwili huondoa pombe polepole, kiasi cha asilimia 0.01 hadi 0.02 kwa saa, kwa hiyo aliye na 0.02 baada ya saa mbili aliingia langoni akiwa na zaidi. Sheria inahesabu kurudi nyuma hadi dakika aliyoshika kazi. Ndiyo maana pia hakuna ruhusa ya kunywa ndani ya saa 5 kabla ya zamu.

Mkojo hauna hesabu kama hiyo. Bangi iliyovutwa Jumamosi huweza kuonekana Alhamisi, moshi na athari zake vikiwa vimesahaulika. Jimbo la Washington liliruhusu bangi kwa starehe 2012, na kituo cha nyuklia cha Columbia kiko humo humo. Mfanyakazi wake akivuta nyumbani, bila kuvunja sheria ya jimbo, bado atanyimwa lango. Mara ya kwanza ni siku 14 kwa uchache, mara ya pili miaka 5, na anayekataa kupimwa au kuleta mkojo wa mwingine hafungiwi miaka, anafungiwa maisha. Naiona adhabu hii ya mwisho kuwa ya haki. Aliyevuta ana tatizo linaloweza kutibiwa. Aliyeghushi ameonyesha atakavyofanya siku kipimo cha kinu kitakapompa jibu asilolipenda.

Hata hivyo, kumdai mkojo mtu asiyeshukiwa kwa lolote ni jambo zito. Upande wa pili wa mizani ni huu: Januari 1987, huko Chase, Maryland, dereva wa injini za mizigo aliyekuwa amevuta bangi alipita ishara za kusimama, treni ya abiria ikamgonga, wakafa watu 16. Machi 1989, katika kesi ya wafanyakazi wa reli, Mahakama ya Juu ya Marekani iliruhusu vipimo kwa kura 7 dhidi ya 2, ikiwalinganisha watu wa reli na wale wa vituo vya nyuklia: wanaweza kuua wengi kabla msimamizi hajagundua chochote. Mmoja wa wawili waliokataa alikuwa Jaji Thurgood Marshall, yule yule aliyewasaidia wajumbe wa Kiafrika wa Kenya kuandaa rasimu ya haki za raia kwenye mkutano wa Lancaster House, 1960. Alionya kwamba hofu ya dawa za kulevya inaifanya mahakama kuachia kinga ya Katiba. Sikubaliani naye kuhusu chumba cha kuendeshea kinu, ila onyo lake ndilo lililofaa kuandikwa juu ya mlango wa kila chumba cha kupimia.

Na kipo ambacho kikombe hakikioni kabisa. Machi 31, 1987, NRC iliamuru kituo cha Peach Bottom, Pennsylvania, kisimame kwa sababu waendeshaji walikuwa wakisinzia kwenye zamu. Kilikaa zaidi ya miaka miwili bila kuzalisha umeme. Usingizi hauna mkojo wake. Ndiyo maana marekebisho ya 2008 yaliweka mipaka ya saa: 16 ndani ya saa 24, 26 ndani ya 48, na 72 ndani ya siku 7. Kabla ya hapo na baada yake, silaha kubwa ni jicho la mwenzako. Kila anayeingia ndani hufundishwa kutambua anayeyumba, anayetoa harufu, aliyebadilika tabia, na kutoa taarifa. Ni kazi ngumu kuliko kukojoa kikombeni, maana unayemsema ni mtu mnayekula naye.

Kenya tayari ina wakala wa nishati ya nyuklia na mpango wa kujenga kituo. Siku ikiandika kanuni yake, isinakili orodha ya Wamarekani neno kwa neno. Wao waliongeza oksikodoni na dawa nyingine za maumivu katika marekebisho ya 2022, kwa sababu ndizo zinazowasumbua. Miraa, inayomkesheza dereva wa usiku kati ya Nairobi na Mombasa, haimo katika orodha hiyo.