Sura ya Tano: Ukuta Unaokataa Stika

Stika ikibanduka ukutani, wa kwanza kulaumiwa ni gundi. Mteja hulalamika kwamba amepewa mali hafifu, na fundi naye humgeukia aliyemuuzia roli. Mara nyingi wote wawili humwonea asiyehusika. Kati ya picha inayoonekana na tofali lililojificha kuna tabaka kadhaa: vinaili, gundi, rangi, praima na lipu. Kila tabaka limeshikana na la jirani yake kwa nguvu yake, na kazi nzima hudumu kwa kadiri ya muungano ulio dhaifu kuliko yote. Ndani ya nyumba na ofisi, udhaifu huo kwa kawaida uko kwenye rangi.

Gundi inavyoshika

Gundi ya stika haikauki kama gundi ya mbao. Hubaki laini miaka yote, na hushika kwa kukandamizwa: ikibanwa hutambaa polepole, ikajaza vishimo na mikwaruzo isiyoonekana kwa macho. Kazi hiyo haimaliziki palepale. Gundi huendelea kutambaa kwa saa 24 na zaidi, wakati mwingine hadi 72, kabla ya kufikia nguvu zake kamili.

Ila haitambai kila mahali. Tone la maji kwenye jani la mgimbi hujikunja likateleza, lakini kwenye kioo safi huenea. Gundi nayo huenea pale tu inapokubaliwa. Wanasayansi huita sifa hii nishati ya uso, na huipima kwa daini kwa sentimita. Teflon ina takriban 18, polithilini 31, vinaili yenyewe 39. Kioo safi na metali huhesabiwa kwa mamia. Kadiri namba inavyoshuka, ndivyo gundi ileile inavyozidi kukosa pa kushika.

Rangi za leo

Hapa ndipo rangi za kisasa zinapoleta kizaazaa. Wenye nyumba wanataka ukuta unaosafishika, usiokamata mchuzi wala kalamu za watoto. Ili kuwatimizia, baadhi ya watengenezaji huchanganya nta, silikoni au vitu vya jamii ya Teflon ndani ya rangi. Ukuta uliofunzwa kukataa uchafu hukataa na stika.

Sababu ya pili ni sheria za mazingira. Mwaka 1998 Marekani iliweka viwango vya taifa vya kupunguza mvuke wa kemikali unaotoka kwenye rangi za majengo, na Umoja wa Ulaya ukapitisha agizo lake mwaka 2004. Hatua hizo zililinda hewa, na viwanda vikalazimika kubadili michanganyiko yao, huku rangi za maji zikizidi kutawala. Rangi ya maji huhitaji viungo vyenye tabia ya sabuni ili mafuta na maji vikae pamoja. Ikikauka, viungo hivyo huweza kupanda juu na kuacha utando mwembamba unaoteleza, hasa hewa ikiwa na unyevu mwingi. Mafundi wa Mombasa, Tanga na Dar es Salaam wanaopaka rangi wakati wa masika wana kila sababu ya kuuogopa utando huo.

Rangi isiyong'aa ina kasoro ya namna nyingine. Mng'ao wake hufifishwa kwa kuongeza unga na kupunguza kile kinachoushikanisha. Pitisha kiganja ukutani: kikitoka cheupe, stika itashika vumbi, na vumbi halijashika kitu. Rangi yenye mng'ao wa wastani ndiyo rafiki zaidi wa vinaili.

Kuta kongwe za Mji Mkongwe wa Zanzibar zinastahili kuachwa zilivyo. Zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na chokaa hupitisha unyevu ili ukuta ukauke. Vinaili huuziba unyevu huo, na mwishowe hubanduka pamoja na lipu ya thamani.

Kisha kuna suala la muda. Rangi hukauka mkononi kwa saa moja au mbili, lakini kukomaa kwake huchukua wiki kadhaa. Ikiwahiwa, mvuke unaoendelea kutoka hukwama chini ya stika na kufanya malengelenge. Lipu mpya ya saruji nayo hupewa takriban siku 28, kwa kuwa ukali wake wa alkali huweza kuila rangi ya mafuta iliyopakwa mapema.

Vinaili nayo ina lake

Mwaka 1926 Waldo Semon, mkemia wa kampuni ya B.F. Goodrich huko Ohio, alikuwa akitafuta namna ya kuunganisha mpira na metali. Badala yake alipata plastiki laini inayopindika: vinaili, yaani PVC iliyochanganywa na vilainishi. Vilainishi hivyo ndivyo vinavyoiwezesha stika kufuata ukuta, lakini kwenye vinaili ya bei ya chini huweza kuhama taratibu, vikaingia kwenye gundi na kuilegeza.

Namna ya kutengeneza nayo ina uzito. Vinaili inayopitishwa kati ya roli za moto huvutwa, na hubaki na hamu ya kurudi ilikotoka. Baada ya miezi hujivuta na kingo kuinuka. Ile inayomiminwa ikiwa uji na kuokwa haina mvutano huo, ila ni ghali zaidi. Picha ikichapwa kwa wino wa viyeyusho, ipumzishwe siku moja au mbili, kwa sababu viyeyusho visipotoka hulainisha gundi kupita kiasi.

Kuuhoji ukuta

Ukuta usiulizwe kwa macho. Viwanda vya rangi hutumia jaribio la ASTM D3359: rangi huchanjwa kwa wembe mistari inayokatana kama wavu, hubandikwa utepe wa gundi, kisha utepe hung'olewa. Alama ni kuanzia 0B, ambapo rangi imeng'oka ovyo, hadi 5B, ambapo hakuna kilichotoka. Fundi anaweza kufanya hivyo nyuma ya mlango.

Muhimu zaidi ni kukata vipande vya vinaili ileile itakayotumika, kuvibandika sehemu mbalimbali, kuvisubiri angalau saa 24, kisha kuvibandua polepole na kusoma mgongo wake. Ukitoka safi kwa urahisi, rangi inakataa gundi. Ukiwa na unga, rangi ni dhaifu. Ukitoka na maganda ya rangi, ukuta haukuandaliwa, huenda praima ilirukwa. Majibu haya yana tiba tofauti. La kwanza laweza kutatuliwa kwa gundi kali zaidi au rangi nyingine. Mawili yanayofuata hudai msasa, praima na kupaka upya. Kuweka gundi kali juu ya rangi dhaifu ni kuahirisha hasara hadi siku ya kubandua.

Ukuta ukishakubalika, usafi ni wa lazima. Ufutwe vumbi, kisha upanguswe kwa mchanganyiko wa sehemu mbili za spiriti na moja ya maji, na kukaushwa kwa kitambaa safi kabla spiriti haijaruka yenyewe. Sabuni zenye mafuta ya kunukia zikae mbali. Kubandika kwa maji ya sabuni, kunakofaa kwenye kioo, hakufai kwenye rangi. Stika isivutwe, ipanguswe kuanzia katikati, na kingo zirudiwe kwa mkono wenye nguvu.

Kwa hiyo fundi asitaje bei kabla ya kumuuliza mwenye ukuta mambo matatu: ni rangi gani, ilipakwa lini, na chini yake kuna nini. Naye mteja akubali kusubiri siku moja ya majaribio, hata kama sherehe ya ufunguzi imekaribia.