Mtumwa Aliyetangulia Kufungua Shamba

Kijiji hakianzi chenyewe. Yuko mtu aliyetangulia na shoka, akafyeka, akachimba mfereji wa kwanza. Lakini mara nyingi jina linalobaki ni la mkubwa. La mwenye jembe husahauliwa. Basi sikieni habari za Green Flake wa Marekani.

Alizaliwa mwaka 1828 katika jimbo la North Carolina, naye alikuwa mtumwa tangu kuzaliwa. Bwana wake, James Madison Flake, alihamia Mississippi, akaingia dini ya Wamormoni iliyoanzishwa na Joseph Smith mwaka 1830. Green naye akabatizwa katika dini hiyo mwaka 1844. Mwaka huo huo Joseph Smith aliuawa na kundi la watu, na baadaye wafuasi wake wakafukuzwa mjini mwao Nauvoo. Wakaamua kwenda magharibi kutafuta nchi ya kukaa.

Mwaka 1847 lilitangulia kundi la wanaume 143, wanawake 3 na watoto 2. Kati yao walikuwamo watumwa weusi watatu: Green Flake, Hark Lay na Oscar Crosby. Green alikuwa kijana wa miaka 19. Walikwenda yapata maili 1,000 kwa magari ya kukokotwa na wanyama. Milimani kiongozi wao, Brigham Young, akashikwa na homa; Green akawa pamoja na wale waliotangulia kufungua njia. Wakaliona bonde la Salt Lake na kuingia siku mbili kabla ya kiongozi, aliyefika tarehe 24 Julai.

Nchi ilikuwa kavu, na udongo mgumu kama tofali. Walifanyaje? Waliziba kijito, wakayaelekeza maji shambani mpaka udongo ukalainika, ndipo wakalima na kupanda viazi. Mwaka uliofuata wadudu wa jamii ya panzi wakala mimea, lakini watu hawakukata tamaa.

Walakini Green alikuwa akilima akiwa bado mali ya mtu. Sheria ya Bunge la Marekani ilikomesha utumwa katika nchi hizo mwaka 1862. Alimwoa Martha Crosby, aliyekuwa mtumwa kama yeye. Wakalima kwao Union, kusini ya Salt Lake City, wakapata watoto wawili. Alikufa Idaho mwaka 1903. Mwili wake ukarudishwa Union, ukazikwa karibu na mkewe.

Je, alipewa heshima yake? Katika mnara wa Brigham Young majina ya wale watatu yaliandikwa mwishoni, chini ya maneno ya kuwaita watumishi weusi. Watu weusi wa dini hiyo walinyimwa daraja ya upadre wao hata mwaka 1978. Sanamu ya Green ilisimamishwa huko mwaka 2022 tu.

Ndugu zangu, mimi ni karani wa parokia. Kazi yangu ni kuandika majina: ubatizo, ndoa, mazishi. Kila jina nalipa mstari wake, la tajiri na la kibarua sawasawa. Basi Jumapili hii, baada ya Misa, waulizeni wazee: nani alichimba mfereji wetu? Mkilipata jina lake, liandikeni. Wajukuu wanaokula mahindi ya shamba lile wana haki ya kulijua.