Mbwa Njiani: Mwenye Kumfuga na Haki ya Mpita Njia

Sifa zote njema zinamstahikia Allah (s.w.), na rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), aali zake na sahaba zake. Ama baad.

Baada ya darsa ya alasiri alinijia kijana mmoja wa hapa Tanga. Baba yake anafuga mbuzi upande wa Muheza, na baada ya kuibiwa mara mbili walinunua mbwa mkubwa, mwenye manyoya mengi na masikio yaliyosimama. Kila kijana huyu akija naye mjini, mitaa ya Ngamiani, watu humsimamisha. Watoto hukusanyika, vijana wa bodaboda huomba kupiga naye picha, huyu hunyoosha mkono kumpapasa, yule huokota jiwe. Siku moja mzee mmoja aliyekuwa akienda kuswali Maghribi alimkwepa mbwa yule akaingia mtaroni, kanzu ikachafuka. Kijana akaniuliza: "Sheikh, mwenye dhambi ni mimi au ni wao?"

Ndugu msomaji, suala hili lina mafungu matatu ambayo watu wengi huyachanganya: kumfuga mbwa, twahara yake, na kutoka naye njiani.

Kumfuga

Katika Hadithi zilizopokewa na Bukhari na Muslim, kutoka kwa Ibn Umar na Abu Huraira (r.a.), Mtume (s.a.w.) amebainisha kuwa mwenye kufuga mbwa hupungukiwa kila siku katika thawabu za amali zake, katika riwaya moja qirati moja na katika nyingine qirati mbili, isipokuwa mbwa wa mifugo, wa kuwindia au wa shamba. Imam Nawawi, katika sherehe yake ya Sahihi Muslim, ameeleza kuwa kauli iliyo sahihi zaidi kwa Mashafi ni kujuzu pia mbwa wa kulinda nyumba na njia, kwa kukisia juu ya hao watatu, kwa kuwa sababu iliyowaruhusu ni haja.

Basi ruhusa imefungamana na haja. Mbwa wa mbuzi wa Muheza ni halali kumfuga bila ya shaka. Lakini mtu akimfuga mbwa huyo huyo ili asimame naye barabarani atazamwe na kusifiwa, haja imeondoka na ruhusa imeondoka nayo.

Twahara

Sisi watu wa mwambao, kuanzia Tanga na Pangani hadi Mombasa na Lamu, wengi wetu tumesoma fiqhi ya Imam Shafi (r.a.). Katika madhehebu haya mbwa ni najsi nzito: kilichoguswa na mate yake, au na mwili wake pakiwa na umajimaji, huoshwa mara saba, moja kati ya hizo kwa udongo. Maimamu wengine wana kauli zao. Kwa Malik mbwa aliye hai ni twahara, na kuosha chombo mara saba ni ibada. Kwa Mahanafi kauli yenye nguvu ni kuwa mate yake ndiyo najsi, mwili wake sivyo.

Hata kwetu Mashafi, najsi haihami kikavu kinapogusana na kikavu. Kijana wa bodaboda aliyempapasa mbwa mkavu kwa mkono mkavu hana la kuosha. Mbwa akimlamba, au mkono ukiwa na jasho, hapo ndipo panapohitaji maji na udongo. Na mzee aliyepitwa na mbwa bila kuguswa udhu wake uko palepale, kwani hata kumgusa mbwa hakutengui udhu. Kunakotakiwa ni kuosha pahala palipoingia najsi.

Tena unajsi si uadui. Allah (s.w.) amewahalalishia Waislamu windo la mbwa waliofundishwa (al-Maida, aya ya 4), na amemtaja mbwa wa Watu wa Pango akiwa amenyoosha miguu yake ya mbele mlangoni (al-Kahf, aya ya 18). Na katika Hadithi sahihi, mtu aliyeteka maji kwa kiatu chake akamnywesha mbwa mwenye kiu alisamehewa dhambi zake. Basi huyu aokotaye jiwe kumpiga mbwa asiyemdhuru anafuata sunna ya nani?

Njiani

Historia ya pwani yetu ina funzo katika fungu hili. Mwezi wa Agosti 1888 Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki ilikuja kushika utawala wa miji ya mwambao. Wakala wake Pangani alikuwa Emil von Zelewski. Wanahistoria wameandika habari zilizoenea wakati ule, kwamba wakati wa Idd el-Hajj watu wake waliingia msikitini na viatu pamoja na mbwa. Jambo hilo lilitajwa miongoni mwa yaliyowasha hasira za watu wa Pangani, yakafuatia mapigano ya Abushiri bin Salim al-Harthi, aliyenyongwa papo hapo Pangani Desemba 1889.

Sasa tazama. Katika Bukhari imepokewa kutoka kwa Ibn Umar kuwa zama za Mtume (s.a.w.) mbwa walikuwa wakipita katika msikiti, wala watu hawakuwa wakinyunyiza maji kwa ajili hiyo. Wanyama wale walipita wenyewe. Pangani mbwa aliingizwa na mtu, kwa dharau. Kosa halikuwa la mnyama. Lilikuwa la aliyeshika kamba.

Na mwenye kushika kamba njiani ana wajibu. Mtume (s.a.w.) ametaja miongoni mwa haki za njia kuzuia maudhi, na amekataza Muislamu kumtisha Muislamu mwenzake. Mafaqihi nao wamesema kuwa anayemwachia mbwa anayemjua kuwa mkali hubeba dhamana ya anachokidhuru. Na ugonjwa wa kichaa cha mbwa ungalipo nchini mwetu: asiyemchanja mbwa wake kisha akawaacha watoto wa watu wamshike, amewatia hatarini. Aliyeumwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika kumi na tano, kisha aende hospitali mara moja.

Jawabu

Nilimwambia kijana: Mbuzi wako wanakupa ruhusa ya mbwa, hawakupi ruhusa ya kuwatisha watu. Ukiwa na haja ya kuja naye mjini, kama kumpeleka kwa daktari wa mifugo, mshike kwa kamba fupi, epuka njia ya msikiti nyakati za swala, mpishe mpita njia kabla hajakupisha wewe. Ukiombwa picha, jiulize umekuja kwa nini. Na yule mzee mwendee, umtake radhi, umfulie kanzu yake.

Alikwenda siku ile ile. Mzee akamuuliza bei ya mbwa kama huyo, kwani naye ana shamba.

Wallahu aalam.