Swali Dogo Ndilo Linalomaliza Tasnifu

Daktari aliyejiunga na shahada ya uzamili katika elimu ya tiba mara nyingi humjia msimamizi wake na swali kubwa: "Nataka kujua kama mitihani yetu ya vitendo ni mizuri." Swali ni la maana, ila halimaliziki, hasa kwa mtu ambaye bado ana zamu za usiku wodini. Kazi ya kwanza ya msimamizi ni kulipunguza.

Tuchukue mtihani wa vitendo uitwao OSCE, ambao Ronald Harden na wenzake wa Dundee, Uskoti, waliuandikia makala mwaka 1975. Kengele ikilia, mtahiniwa anahamia kituo kingine: hapa anapima presha, pale anamweleza mama namna ya kuchanganya ORS. Kwa kawaida kituo cha vitendo kina mtahini mwenye orodha ya hatua za kuwekea tiki. Nia ilikuwa wote wapimwe kwa mambo yaleyale, asiwepo anayeangushwa na bahati ya kupangiwa mgonjwa mgumu.

Msimamizi anauliza: mizuri kwa lipi? Inapima kinachotakiwa, au inapima kwa haki? Wakibishana hivyo vikao kadhaa, linabaki swali moja: watahini wawili wakimtazama mtahiniwa yuleyule katika kituo cha presha, je, tiki zao zinalingana?

Hili linapimika. Kuhesabu tiki zinazofanana hakutoshi, kwani watahini wakarimu wanaompa karibu kila mtu tiki watalingana hata wasipotazama kwa makini. Ndiyo maana hutumika kappa, kipimo alichokitoa Jacob Cohen mwaka 1960, ambacho huondoa ulinganifu unaotazamiwa kutokea kwa kubahatisha tu. Lakini mimi naona utamu uko pale wanapopishana. Orodha inasema "amenawa mikono". Mtahiniwa amejipaka kitakasa mikono. Mtahini mmoja anaweka tiki, mwenzake anaacha wazi kwa sababu hakuona maji. Wote wawili wako makini. Kasoro iko kwenye orodha. Hayo tayari ni matokeo, na chuo kinaweza kuyafanyia kazi kabla ya mtihani ujao.

Kuna jambo ambalo madaktari hulichukulia kijuujuu: ridhaa. Daktari anayefanya utafiti huu mara nyingi ni mwalimu pia, na wanaochunguzwa ni wanafunzi wake. Nani atamkatalia mtu atakayemsahihishia mtihani? Kamati ya maadili italiuliza hilo, na haki iko upande wake. Afadhali ridhaa iombwe na mtu asiyefundisha darasa hilo, na majina yabadilishwe kuwa namba kabla mtafiti hajaziona karatasi.

Wengi hukwama baada ya kukusanya data. Daktari amerudi wodini, mafaili yamelala kwenye kompyuta, na msimamizi anaridhika kuambiwa "naendelea". Asiridhike. Aombe kurasa, hata mbili, zenye tarehe ya kuzileta. Sura ya mbinu ndiyo rahisi kuanza nayo, kwa sababu sehemu kubwa imeshaandikwa kwenye pendekezo la utafiti. Inageuzwa tu kutoka wakati ujao kwenda wakati uliopita, kisha yanaongezwa yale ambayo pendekezo halikuyatazamia: mtahini aliyeitwa chumba cha upasuaji katikati ya mtihani, na karatasi zilizokosa tiki zake.