Uzi wa Kioo Wapima Sumaku ya Waya wa Umeme

Kila askari aliyefundishwa kusoma ramani alikanywa jambo moja: asiitumie dira karibu na bunduki, gari la chuma au waya wa umeme. Chuma huivuta sindano ya dira, na waya wenye mkondo wa umeme nao una sumaku yake. Katika onyo hilo fupi mna elimu kubwa, na kwa elimu hiyo wahandisi wa siku hizi huweza kupima umeme mkali kwa uzi mwembamba wa kioo, pasipo mtu kuikaribia hatari.

Jambo hili latuhusu sisi Waganda. Tangu bwawa la Owen Falls, ambalo leo huitwa Nalubaale, lilipofunguliwa huko Jinja mwaka 1954, maji ya mto Nile yamekuwa yakituletea umeme. Mwezi wa Septemba 2024 ulizinduliwa mtambo wa Karuma wenye uwezo wa megawati 600. Umeme wake husafiri juu ya minara mirefu hadi Kawanda, karibu na Kampala, ukipita juu ya mashamba na kando ya vijiji. Wasomaji wengi wa gazeti hili huilinda minara hiyo, na watoto wetu hucheza si mbali nayo. Basi ni vema tujue namna gani mtu huweza kupima kilichomo ndani ya waya usioguswa.

SUMAKU YA WAYA

Mwaka 1820 mwalimu wa Denmark, Hans Christian Ørsted, aliona sindano ya dira ikigeuka alipopitisha umeme katika waya uliokuwa karibu. Jambo hilo huweza kuonyeshwa nyumbani kwa jiwe la tochi, balbu yake ndogo na kipande cha waya. Ulaze waya juu ya dira, uelekee kaskazini na kusini kama sindano, kisha uwashe balbu: sindano itasogea kidogo. Mzazi asimamie, wala mtoto asijaribu kamwe kwa umeme wa ukutani.

Mkondo ukizidi, sumaku nayo huzidi. Tuseme nguvu zote za Karuma zingepita katika njia moja ya kilovolti 400. Kila waya mmoja kati ya zile tatu za njia hiyo ungebeba karibu ampea 870, na umbali wa mita moja kutoka kwenye waya sumaku yake ingekuwa kama mara tano ya sumaku ya dunia ilivyo hapa Kampala. Kwa hiyo, anayeweza kuipima sumaku ameupima mkondo. Lakini dira haitufai hapo, kwa kuwa umeme wetu hubadili mwelekeo mara 100 kwa kila sekunde, na sindano haiwezi kuufuata mwendo huo.

MWANGA UNAOGEUKA

Mwingereza Michael Faraday alipata ufunguo mwaka 1845, mjini London. Ili kumwelewa, fikiria kamba ya kuanikia nguo iliyopitishwa katikati ya miti miwili ya ua. Ukiitikisa juu na chini, mawimbi yake hupita katika ule mwanya uliosimama. Ukiitikisa kulia na kushoto, miti huyazuia. Mwanga nao hutikisika, na huweza kuchujwa ili utikisike upande mmoja tu. Faraday aliupitisha mwanga wa namna hiyo katika kioo kizito kilichowekwa karibu na sumaku yenye nguvu, akaona kwamba mtikisiko wake umegeuka kidogo. Sumaku ilikuwa imeugusa mwanga ndani ya kioo.

Hadi hapo ilikuwa elimu ya maabara. Uzi wa kioo ulipokamilika kwa ajili ya kupeleka habari, katika miaka ya 1970, watafiti wa umeme waliona kwamba uzi huo waweza kuzungushwa kwenye waya mnene kama mwanamke azungushavyo uzi kwenye kibiringo. Mwanga huingizwa upande mmoja, hupita mizunguko yote, kisha hupimwa umegeuka kiasi gani. Kwa mkondo tuliotaja, mzunguko mmoja hauugeuzi mwanga hata nusu ya digrii. Ndiyo sababu mizunguko huongezwa, na vyombo vya kuusoma mwanga hutengenezwa kwa uangalifu mkubwa.

FAIDA YAKE NA UGUMU WAKE

Kipimo cha zamani ni transfoma ya kupimia, iliyotengenezwa kwa chuma na nyuzi za shaba. Penye volti nyingi mara nyingi hufungiwa ndani ya mafuta na kigae. Kimefanya kazi njema kwa miaka mingi, lakini hitilafu ikitokea ndani yake chaweza kupasuka na kurusha vipande vya kigae na mafuta yanayowaka. Tena, mkondo ukipanda ghafla mno, chuma chake hushiba sumaku na kutoa hesabu isiyo ya kweli, wakati ule ule ukweli unapohitajiwa zaidi.

Uzi wa kioo haupitishi umeme, hauna mafuta, na ni mwepesi. Fundi husoma hesabu akiwa mbali. Aidha hupima hata umeme usiobadili mwelekeo, kazi ambayo transfoma haiwezi. Mwaka 2005 kampuni ya ABB ilileta kipimo cha namna hii kwa viwanda vya kuyeyusha alumini, chenye kufikia ampea 500,000.

Hata hivyo uzi huu una udhaifu wake. Joto, mtikisiko na kupindwa vibaya hubadili mwanga kana kwamba ni sumaku. Wahandisi hupunguza kosa hilo kwa kuurudisha mwanga katika njia ile ile aliyotokea, ili madhara yafutane. Bei nayo si ndogo. Lakini kazi ya kuunganisha kioo kwa moto si ngeni kwetu. Juu ya minara mingi ya kampuni ya UETCL upo waya wa kukinga radi wenye nyuzi za kioo ndani yake, zipelekazo habari, na vijana wetu huunganisha nyuzi kama hizo kila siku kwa ajili ya simu na intaneti.

WAJIBU WETU

Kipimo chema huwezesha mitambo kukata umeme kwa sehemu ndogo ya sekunde. Lakini msomaji asidanganyike: waya ukianguka juu ya ardhi kavu, mkondo upitao waweza kuwa mdogo hata mitambo isiutambue. Waya uliolala chini uhesabiwe kuwa hai daima. Askari wa kwanza kufika awazuie watu wasiukaribie, wakae mita 10 au zaidi, kisha apeleke habari kwa wahusika. Asiusogeze kwa fimbo, na mama asimtume mtoto kwenda kutazama.

Wapo pia wanaofungua vyuma vya minara wakaviuza kama vyuma chakavu, na wanaokata nyuzi za kioo wakidhani wataona shaba. Ndani hawakuti kitu cha kuuza, ila huacha hospitali na nyumba gizani, au kituo cha polisi bila mawasiliano. Anayenunua vyuma hivyo ni mshiriki wao. Hakuna kipimo, kiwe cha chuma au cha mwanga, kiwezacho kuusimamisha mnara ulioibiwa miguu. Kazi hiyo ni ya macho ya wananchi na walinzi wao.