SI KILAZA, HAJAFUNDISHWA KUSOMA!

Hebu tuambizane ukweli, mpenzi msomaji. Karibu kila nyumba hapa mjini inaye mmoja. Yupo fomu tuu au fomu thrii, sare anavaa, begi anabeba, asubuhi anaondoka na jioni anarudi. Ukimuuliza shule vipi, jibu ni "poa tu". Ripoti ikija, baba anaisoma mara mbili akidhani kakosea mstari, mama anajifuta uso kwa kanga. F imefuatana na F kama mabehewa ya treni.

Kinachofuata kila mtu anakijua. Mahubiri marefu sebuleni, simu inanyang'anywa, mtoto wa jirani anatolewa mfano. Wiki ya kwanza dogo anajifungia chumbani na madaftari, wiki ya pili yuko kijiweni.

Mimi jioni huwa nafundisha tuisheni, na vijana wa aina hiyo wamepita wengi mikononi mwangu. Ninachotaka kukwambia leo ni hiki: wengi wa hao tunaowaita vilaza wala si vilaza. Wamefundishwa Historia, wamefundishwa Baiolojia, lakini hakuna aliyewahi kukaa nao akawafundisha namna ya kusoma.

KUKATA TAMAA NI KINGA

Kijana hazaliwi akichukia shule. Mwangalie wa fomu wani wiki ya kwanza, kalamu mpya, daftari limefunikwa kwa gazeti, swali moja likiulizwa vidole kumi vinapanda. Halafu anapiga msuli kwa njia anayoijua yeye, yaani kusoma nukuu juu mpaka chini, tena na tena. Mtihani unakuja, anafeli. Anakesha zaidi, anafeli tena.

Sasa jiweke mahali pake. Ukijitahidi ukafeli, watu watasema huna akili. Usipojitahidi ukafeli, watasema mvivu tu, akitaka anaweza. Wewe ungechagua jina gani? Ndiyo maana wengi wanaamua kukaa nyuma ya darasa na kupiga soga. Ule utundu unaouona ni ngao. Anaona heri kuitwa mtukutu kuliko kuitwa mjinga.

Juu ya hapo kuna suala la lugha. Miaka yote ya shule ya msingi ya serikali mtoto anasoma sayansi kwa Kiswahili. Anajua usanisinuru, anaweza hata kukuchorea jani na jua lake. Akifika sekondari anakutana na "photosynthesis" ubaoni, na kuanzia siku hiyo karibu kila somo ni Kizungu. Asipoelewa, kimbilio lake ni moja, kukariri. Na ukikariri maneno usiyoyaelewa, swali likigeuzwa kidogo tu, umekwisha.

Tunakumbuka Februari 2013, yalipotangazwa matokeo ya kidato cha nne ya 2012. Zaidi ya nusu ya watahiniwa waliangukia divisheni ziro, nchi nzima ikashika kichwa. Serikali iliunda tume, na Mei mwaka huo huo matokeo yakapangwa upya. Watu walimsaka mchawi: walimu hawatoshi, shule za kata zimejengwa haraka haraka, maabara hakuna, vitabu hakuna. Yote hayo yana ukweli wake. Lakini dogo aliye darasani leo hawezi kusubiri maabara ijengwe ndipo aanze kusoma. Kuna kitu kilicho mikononi mwake mwenyewe, na ni cha bure.

MACHO YANAKUDANGANYA

Mwaka 2006, watafiti wawili wa Marekani, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke wa Chuo Kikuu cha Washington mjini St. Louis, walitoa matokeo ya jaribio ambalo kila mwanafunzi angepaswa kusimuliwa. Waliwapa wanafunzi habari fupi ya kusoma. Kundi moja liliisoma katika vipindi vinne mfululizo. Kundi jingine lilisoma kipindi kimoja tu, kisha mara tatu likafunga karatasi na kuandika kila lilichokumbuka.

Walipopimwa baada ya dakika tano, waliorudia kusoma waliongoza kwa asilimia 83 dhidi ya 71. Ungesema basi, mshindi kapatikana. Ngoja sasa. Baada ya wiki moja, waliorudia kusoma walikumbuka asilimia 40, na wale waliojiuliza kutoka kichwani wakakumbuka 61! Kichekesho ni kwamba waliorudia kusoma ndio waliojiamini zaidi kuwa hawatasahau.

Umeona mtego ulipo? Ukirudia daftari mara nne, maneno yanakuwa kama sura ya mtu wa mtaani kwenu, unayazoea. Kuyazoea si kuyajua. Konda wa daladala unamwona kila siku, lakini ukiambiwa umchore bila kumtazama utashindwa. Na chumba cha mtihani hakikuulizi unamfahamu nani, kinakwambia chora.

Wala mambo haya hayakuanza juzi. Mwaka 1885 Mjerumani mmoja, Hermann Ebbinghaus, aliyejifanyia majaribio mwenyewe, aliandika kwamba tunachojifunza huvuja kwa kasi saa za mwanzo, na kwamba kurudia kidogo kidogo kwa siku kadhaa kunashinda kurundika yote siku moja. Mwaka 2013 watafiti wakiongozwa na John Dunlosky walipitia mbinu kumi za kusoma. Zilizopewa alama ya juu ni mbili tu: kujipima na kugawa masomo katika siku tofauti. Kurudia kusoma na kupiga mistari ya rangi vitabuni, zile mbinu pendwa kabisa, ziliwekwa kundi la chini.

DAWA YENYEWE HII HAPA

Mtoto wa dada yangu alikuja kwangu akiwa fomu foo, mtihani wa moko umemvua nguo. Baiolojia F, Historia F, Hesabu usiseme. Mama yake anauza mboga sokoni na alishachoka. "Kaka, bora nimtafutie hata kazi ya ukonda, huyu shule imemshinda." Dogo mwenyewe kainamisha kichwa: "Mjomba, mimi kichwa changu kizito."

Sikumpa ratiba ya kutisha. Nilimwambia, "Mjomba, chagua mada moja tu, dakika ishirini na tano, basi." Akachagua osmosisi. Nikamwambia aniambie kwanza kwa Kiswahili cha nyumbani. Kimya. Tukaingia jikoni, tukakata vitunguu vya kachumbari, tukavitia chumvi na kuvifunika. Baada ya muda maji yalikuwa yamejaa chini ya bakuli. "Haya maji yametoka wapi?" Kwenye vitunguu. "Kwa nini yametoka?" Hapo ndipo alipoanza kuzungumza, na alipomaliza kueleza kwa Kiswahili tukatafuta maneno ya Kizungu ya kuvisha yale aliyokwisha kuyaelewa. Elewa kwanza, Kizungu kifuate. Baadaye alifunga daftari akaandika yote kwenye karatasi nyeupe. Alikosa mambo mawili. Kesho yake tukaanzia hapo hapo.

Mengine tuliyofanya ni haya, na wewe yachukue kama yalivyo.

Kwanza, geuza kila kichwa cha habari kuwa swali. Daftari limeandikwa "Vita ya Majimaji 1905 hadi 1907". Wewe andika pembeni: kwa nini watu wa kusini waliinuka dhidi ya Wajerumani? Maji ya Kinjikitile yaliwaunganishaje watu wa makabila tofauti? Kilimo cha pamba cha kulazimishwa kinaingia wapi? Ukisoma ukitafuta jibu, usingizi haukupati upesi.

Pili, boksi la viatu. Kata vikaratasi, mbele swali, nyuma jibu. Gawa boksi sehemu tatu: kila siku, kila baada ya siku tatu, kila Jumapili. Ukijibu sawasawa kikaratasi kinasogea mbele, ukikosea kinarudi nyumbani kwenye kila siku. Mtindo huu aliueneza Sebastian Leitner katika kitabu chake cha mwaka 1972, na hauhitaji umeme wala bando.

Tatu, Hesabu zichanganye. Ukifanya maswali ishirini ya mada moja, kuanzia la tatu mkono unafanya wenyewe, kichwa kimelala. Chukua mitihani iliyopita, fanya swali moja la aljebra, moja la pembetatu, moja la riba. Kwenye pepa hakuna atakayekunong'oneza kanuni ya kutumia, kwa hiyo kuchagua kanuni nako ni somo.

Nne, daftari la makosa. Kila alipokosea anaandika kosa, sababu, na jibu sahihi. Mwanafunzi anayechana karatasi yenye F anachana ramani ya njia yake.

Tano, lala. Kukesha mpaka alfajiri ya mtihani ni kuingia vitani umepeleka bunduki fundi.

Matokeo? Sitakudanganya kwamba aliibuka kipanga. Novemba alifanya mtihani wa taifa. Baiolojia akapata C, Historia C, Hesabu haikupona, F ile ile. Lakini cheti amekipata, leo yuko chuo cha ufundi anasomea umeme, na sijamsikia tena akisema kichwa chake kizito. Dada yangu siku hizi ananiambia mwanawe anamsumbua, kila kitu anauliza kwa nini.

WEWE KAKA, WEWE DADA

Najua wengi wenu mnaosoma safu hii mmeshamaliza shule, mnaishi na wadogo zenu, na ndio mnaopigiwa simu kutoka nyumbani, "muangalie mdogo wako". Hutakiwi kujua Fizikia ili umsaidie.

Usimwite zuzu. Pia usimwambie "wewe una akili sana" wakati ripoti inasema mengine, atajua unamdanganya. Muulize amekwama wapi, umsikilize. Mpimishe macho, maana wapo wanaoitwa wazembe kumbe ubao hawauoni. Ujue kama anakula kabla ya kwenda shule. Mtafutie mwenzake mmoja wa kuulizana maswali, si kundi la watu wanane ambalo mwisho wake ni stori za mpira. Na anza na somo ambalo ushindi uko karibu. Aliyezoea kufeli hasadiki maneno, anasadiki alama. Akitoka 12 akafika 27, kwenye ripoti bado ni F, lakini yeye mwenyewe ameona kwamba jitihada imezaa. Hapo hutamsukuma tena.

Kwa hiyo leo jioni, kabla ya tamthilia kuanza, chukua daftari lake moja, lifunge, mwombe akueleze ukurasa mmoja kwa Kiswahili chake. Akikwama usicheke wala usigombe. Weka alama pale alipokwama. Kesho mnaanzia hapo.