Gari ni Letu Sote, Oili Tuweke Ipi?

Ukiwauliza wapenzi huwa wanagombania nini, wengi watakutajia simu, mawifi na pesa za mwisho wa mwezi. Siku hizi, wengi wetu tukiwa tumejinunulia kausafiri ketu kadogo kutoka Japani, kuna ugomvi mwingine umeingia ndani ya nyumba: oili ya injini. Mmoja anataka ya bei nafuu, imwagwe mapema, maisha yaendelee. Mwingine anataka sintetiki, ile ya galoni linalong'aa. Na wote wawili wanaapa kwa jina la fundi wao!

Kwetu ugomvi huo ulikaa muda mrefu. Mimi ninafanya kazi Iringa, mume wangu yuko Mbeya. Kati yetu kuna zaidi ya kilomita 300 za barabara ya TANZAM na gari moja dogo la Toyota, injini ya cc 1300. Gari linakaa kwangu. Mara mbili kwa mwezi nalipeleka kwa mwenyewe: Mafinga, Makambako, Igawa, Chimala, Igurusi, halafu Uyole hiyo hapo. Matengenezo analipa yeye. Siku niliyomtajia bei ya sintetiki alicheka kwanza, kisha akauliza, "Mama, hilo gari linakunywa oili au mvinyo?"

Swali lake lilikuwa la haki. Basi tukakaa chini kama watu wazima, tukatafuta jibu. Haya ndiyo tuliyojifunza, na wewe na mwenzio mnaweza kuyatumia.

Tofauti iko wapi?

Oili ya kawaida, yaani ya minerali, inatokana na mafuta ghafi yaliyosafishwa. Ndani yake chembechembe hazilingani: nyingine kubwa, nyingine ndogo, nyingine hazikutakiwa kuwepo. Sintetiki imetengenezwa au kusafishwa kwa hali ya juu zaidi, hivyo chembe zake zinafanana. Faida yake ni kwamba inapita upesi injini ikiwa baridi, haivunjiki haraka kwenye joto kali, na inachelewa kugeuka kuwa tope. Katikati ipo nusu sintetiki, ambayo ni mchanganyiko wa hizo mbili.

Neno "sintetiki" lenyewe lina mambo yake. Mobil 1 iliingia sokoni Marekani mwaka 1974 ikiwa imeundwa kiwandani hasa. Miaka ya 1990 Castrol wakaanza kuita sintetiki oili iliyotokana na mafuta ghafi yaliyosafishwa sana. Mobil wakalalamika. Mwaka 1999 chombo cha kusikiliza malalamiko ya matangazo ya biashara huko Marekani kikaona Castrol hawakukosea. Ndiyo maana leo magaloni mawili yanaweza kuandikwa sintetiki, na bado yakatofautiana sana kwa bei.

Namba ni kitu kingine

Hapa ndipo wengi wanapochanganya. 5W-30 au 20W-50 hazikuambii kama oili ni sintetiki. Zinakuambia uzito. Namba ya mbele yenye W inahusu baridi, W ikiwa ni ya neno la Kiingereza la majira ya baridi. Ikiwa ndogo, oili inapita kirahisi asubuhi. Namba ya nyuma ni uzito injini ikishapata moto.

Halafu kuna herufi za API. Inayoanza na S ni ya injini za petroli, inayoanza na C ni ya dizeli. Herufi ya pili inavyosonga mbele kwenye alfabeti, ndivyo kiwango kilivyo kipya: SL ilitoka mwaka 2001, SN 2010, SP 2020. Ya kawaida yenye kiwango kipya na uzito sahihi ni bora kuliko sintetiki yenye uzito usiotakiwa na gari lako. Vitz, IST na ndugu zao wenye VVT-i wana njia nyembamba za kupitishia oili, kwa hiyo ukiwawekea 20W-50 kwa sababu tu fundi anayo dukani, unawatesa.

Milima yetu inasemaje?

Iringa mjini ni zaidi ya meta 1,500 kutoka usawa wa bahari. Mbeya ni karibu 1,700. Mwezi wa Juni na Julai unawasha gari ukiwa na sweta na bado meno yanagongana. Lakini tusidanganyane: baridi yetu si ya Ulaya, na oili ya kawaida haigandi Mbeya. Inachofanya ile nzito ni kuchelewa kufika juu ya injini, na sekunde zile za mwanzo ndizo zinazolika vyuma. Sintetiki nyepesi inafika mapema.

Upande wa pili ni joto. Ukipandisha Kitonga nyuma ya malori, umebeba abiria wanne na gunia la mchele, injini inachemka kwelikweli. Ukitoka Kyela, meta 500 hivi, ukipanda kwenda Tukuyu mpaka Mbeya, ni mlima mmoja mrefu. Hapo sintetiki inajilipia. Na kama mna gari lenye turbo, kama baadhi ya Subaru Forester na Impreza, hapo hakuna mjadala. Turbo inapata joto kali mno, wekeni sintetiki.

Kilichowapata marafiki zetu

Kuna wanandoa tunaowafahamu, siwataji. Walikuwa na gari la zamani kidogo, na kwa mapenzi yao kwalo wakaweka sintetiki ya bei mbaya. Baada ya hapo wakalala usingizi. Yeye alijua mume anapima oili. Mume alijua mke ndiye anayeendesha kila siku, bila shaka anapima. Injini ilikuwa imechoka na ilikuwa inakula oili taratibu, bila kudondosha hata tone chini.

Ikafa usiku karibu na Makambako, kwenye baridi ile, mtoto wa miaka miwili amelala kiti cha nyuma. Fundi alipochomoa kijiti cha kupimia, kilikuwa kikavu. Pesa waliyokuwa wameweka kwa ajili ya msingi wa nyumba ikanunua injini nyingine. Miezi mingi hawakuongea vizuri, kila mmoja akimhesabia mwenzake kosa. Niliposikia habari ile nilielewa kwamba oili yao ilikuwa nzuri tu. Kilichokosekana ni watu wawili kuulizana, "Nani amepima?"

Tupige hesabu

Bei zinabadilika, kwa hiyo huu ni mfano tu, wekeni bei za dukani kwenu. Tuseme ya kawaida pamoja na chujio na ufundi inakuja shilingi 60,000. Sintetiki, vyote ndani, 135,000.

Gari letu linatembea kama kilomita 18,000 kwa mwaka. Tukimwaga ya kawaida kila kilomita 3,000, ni mara sita: 360,000. Sintetiki kila 6,000 ni mara tatu: 405,000. Tofauti ni 45,000 kwa mwaka mzima, na siku tatu pungufu za kukaa gereji kwenye benchi. Mume wangu aliangalia karatasi, akanyamaza, kisha akasema, "Haya, mama, umeshinda." Hatukushindana, lakini nilitabasamu!

Sasa mwangalie mwenzangu wa ofisini. Gari lake linatoka Gangilonga hadi Miyomboni na kurudi, basi. Kwa mwaka halifiki kilomita 4,000. Safari fupi namna hiyo injini haipati moto wa kutosha, unyevu na petroli vinabaki ndani ya oili, kwa hiyo lazima amwage kwa miezi, si kwa kilomita. Akimwaga mara mbili kwa mwaka, ya kawaida ni 120,000, sintetiki ni 270,000. Kwake oili ya kawaida nzuri, yenye uzito sahihi, inatosha kabisa.

Maneno ya gereji

*"Ukichanganya zitaganda."* Hapana. Ukiishiwa njiani Igawa na duka lina ya kawaida tu, ongeza. Utapunguza ubora wa sintetiki, lakini hutaua injini. Kuiacha bila oili ndiko kunakoua.

*"Sintetiki inavujisha gari la zamani."* Haitoboi kitu. Ila kama mpira umeshachoka na tope ndilo lililoziba, uvujaji unaweza kuonekana. Rekebisha mpira.

*"Imekuwa nyeusi, imekufa."* Si lazima. Oili inayosafisha injini hubeba masizi, na huwa nyeusi. Fuata kilomita na miezi.

*"Sintetiki haimwagwi."* Inamwagwa! Vumbi la barabara zetu za vijijini halijali bei uliyolipa.

Kabla hamjalipa

1. Someni kitabu cha gari. Kama ni cha Kijapani, angalieni mfuniko wa kujazia oili, mara nyingi uzito umeandikwa hapo.

2. Nunueni duka mnaloliamini, galoni lenye lakiri nzima na alama ya TBS. Oili feki ipo, na ukiwekewa feki kwa bei ya sintetiki umepoteza mara mbili. Galoni likiisha, litoboeni wenyewe ili asije mtu akalijaza upya.

3. Badilisheni chujio kila mnapomwaga. Oili mpya kwenye chujio la zamani ni kama kuoga na kuvaa nguo chafu.

4. Msirefushe kilomita ghafla. Anzeni na 6,000, pimeni. Kama haipungui, ongezeni kidogo kidogo, bila kuvuka kilichoandikwa kitabuni.

5. Oili chafu isimwagwe mtaroni. Mwachieni fundi mwenye pipa la kukusanyia.

6. Chagueni siku ya kupima. Sisi ni Jumamosi asubuhi, gari likiwa limepoa na limesimama sehemu tambarare. Nikimaliza namtumia ujumbe mfupi: "Oili iko juu." Anajibu, "Asante, mke wangu. Njoo salama."

Kwa hiyo ulizeni kwanza gari lenu linaishi maisha gani: la safari ndefu na milima, au la sokoni na kanisani? Jibu la swali hilo ndilo litakalochagua galoni. Fundi abaki kuwa fundi, na nyinyi wawili mbaki wenye gari.